Kabati Lililomfungia Mwalimu Gathii

Kila siku ya shule, kabla ya kutoka nyumbani kwao Kibomet, Phelista aliwamwagia kuku mahindi, akanywa chai yake, kisha akaketi kizingitini kujaza karatasi za gazeti ndani ya viatu vyake. Kazi hii ya mwisho ndiyo iliyomchelewesha. Mama yake, Edinah, aliuza viatu vya mitumba mjini Kitale, na alikuwa na msimamo kwamba kiatu cha mtoto lazima kimzidi mtoto kwa miaka miwili.

"Mguu unakua, mayi," alimwambia, akitumia jina ambalo akina mama wa kwao Malakisi huwaitia binti zao. "Kiatu hakikui."

Basi Phelista, msichana wa miaka kumi na miwili, akawa anakwenda shule na viatu vilivyotangulia kufika.

Alikuwa gredi ya sita katika Shule ya Msingi ya Miti Tatu. Alikuwa kiranja wa darasa, mwepesi wa hesabu, mwepesi wa maneno, na mwepesi zaidi wa kumaliza kazi. Wepesi huo wa tatu ndio uliomponza.

Shule yao ilikuwa na jengo moja refu la matofali, lililojengwa na wazee ambao wengi wao walikuwa wameshakwenda zao mbele ya haki. Mabati yalikuwa yamekwisha kwa kutu. Mvua ilipoanza kunyesha, wanafunzi walijibanza upande mmoja wa darasa, upande wa pili wakaziachia ndoo na sufuria. Madirisha yalikuwa madogo hivi kwamba hata saa sita mchana mwalimu alilazimika kusahihisha madaftari akiwa amesimama mlangoni. Siku moja ubao wa gredi ya nne ulianguka wenyewe wakati mwalimu wa sayansi akieleza jinsi dunia inavyovuta vitu. Wanafunzi walipiga makofi, wakidhani ni sehemu ya somo.

Hatimaye wazazi na mwalimu mkuu, Bi. Jerono, waliamua kwamba jengo hilo lifanywe upya. Kuta za wazee zilikuwa bado imara, kwa hiyo zingebaki. Mabati yangebadilishwa na madirisha yapanuliwe. Ukuta kati ya madarasa mawili ungeondolewa ili upatikane ukumbi mpana, wenye meza za kuunganishwa wanafunzi wakifanya kazi kwa makundi na kutenganishwa wakifanya mtihani. Kungekuwa na chumba cha kompyuta. Na ile stoo ya zamani, iliyojaa madawati mabovu, ingegeuzwa kuwa chumba cha kusomea. Kila mzazi mwenye mti wa saipresi shambani aliombwa kuutoa kwa ajili ya mbao, na hakuna aliyekataa.

Msanifu wa majengo, dada mmoja aliyeitwa Linah, alikuja akiwa amevaa buti na kofia ngumu ya njano. Aliomba aonyeshwe ramani ya jengo la zamani. Mzee Wanjala, mlinzi wa shule, alimletea sanduku la bati. Ndani mlikuwa na mchwa, vumbi, na kipande kimoja cha karatasi kilichoandikwa CHOO. Hicho ndicho kilichobaki cha ramani nzima.

Linah hakukata tamaa. Alisema kwamba jengo ni la wanafunzi, kwa hiyo wanafunzi wa gredi ya sita watalipima, naye atachora ramani mpya kutokana na vipimo vyao. Masharti yalikuwa machache. Kila chumba kipimwe kwa ndani, kutoka kona hadi kona, kwa tepu. Kipimwe mara mbili, na namba zote mbili ziandikwe.

Aliyefurahi kuliko wote ni Mwalimu Gathii, naibu wa mwalimu mkuu na mwalimu wa hesabu. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyependa vipimo kupita kiasi. Ukimwomba akusubiri kidogo, angekuuliza kidogo ni dakika ngapi. Aliwagawa wanafunzi wawili wawili, na Phelista akapewa stoo pamoja na Derrick, mvulana aliyekuwa na tabia ya kukubaliana na mtu yeyote aliyezungumza mwisho.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na saa kumi wasichana wa gredi ya sita walikuwa wacheze kati, ule mchezo wa kukwepa mpira unaorushwa, na wale wa gredi ya tano. Stoo ilikuwa imejaa madawati hadi darini. Ili kuufikia ukuta wa nyuma, ingebidi yatolewe yote. Katikati ya madawati hayo nyigu walikuwa wamejenga kiota, nao hawakuonekana kama watu wa kupokea wageni. Isitoshe, tepu zilikuwa chache, na zamu yao ilikuwa bado.

Phelista alitazama stoo. Akautazama uwanja, ambako wenzake walikuwa wameanza kuchora mistari. Akamwuliza Derrick kama ukuta si ule ule, uupime kwa ndani au kwa nje. Derrick akasema ni ule ule.

Basi wakazunguka nyuma. Phelista alipima kiatu chake kwa rula, akapata sentimita ishirini na nane. Kisha akautembea ukuta kwa nje, kisigino kikigusa kidole, kuanzia kona hadi kona. Alipata viatu kumi na viwili na vidole vitatu. Alizidisha, akajumlisha, akaandika kwa penseli: 340. Sasa ikabaki namba ya pili. Kutembea tena kungemchelewesha, lakini kuandika namba ile ile mara mbili kungeonekana uongo. Akafikiri kidogo, akaandika 339.

"Hapo umemaliza," Derrick alisema kwa heshima.

Kesho yake Mwalimu Gathii alisimama mbele ya darasa akiwa na karatasi ya Phelista mkononi. Aliwaambia kwamba wengine wametofautiana kwa sentimita tano, wengine kwa sentimita kumi na mbili, lakini hawa wawili wametofautiana kwa sentimita moja tu. Huo, alisema, ndio uangalifu. Akachora alama kubwa ya vyema kwa wino mwekundu. Phelista alitabasamu kwa unyenyekevu. Linah naye alirudia kupima vyumba vitatu, akakuta viko sawa, akaviamini vilivyobaki.

Miezi mitatu ikapita. Mafundi waliezeka mabati mapya, wakapanua madirisha na kuyatia vyuma. Stoo ilisafishwa, ikapigwa plasta, ikapakwa rangi ya maziwa. Ilikuwa ndiyo ya kwanza kukamilika, na sherehe ya kuifungua ilipangwa kufanyika Ijumaa. Kilichokosekana ni kabati la vitabu tu.

Kabati hilo lilikuwa likitengenezwa Kapsokwony, juu mlimani, na fundi Kipyegon. Alikuwa mzee wa maneno machache na mikono mikubwa, na ilisemekana kwamba kiti alichokitengeneza hakijawahi kulia mtu akikikalia. Jumanne asubuhi alifika na lori, yeye na vijana wanne, na kabati likiwa limefungwa mablanketi kama mgonjwa. Walipolifunua, shule nzima ilisogea kulitazama. Lilikuwa zima, si la kuunganisha. Kwa urefu wa kwenda juu lilikaribia dari, na mbao zake zilinukia msitu. Wazazi waliokuwepo walijaribu kukisia ni ubao upi umetoka kwenye mti wa nani.

Mwalimu Gathii aliingia chumbani kwanza, akasimama mwisho kabisa, chini ya dirisha, ili atoe maelekezo. Alimkataza mtu mwingine yeyote kuingia upande ule, wasije wakachafua rangi. Mafundi waliliingiza kabati kwa kichwa, kama unavyoingiza jembe stoo. Likaingia vizuri. Kisha wakaanza kuligeuza ili likae kwenye ukuta wa mwisho.

"Digrii thelathini kulia," Mwalimu Gathii aliamuru.

Vijana walitazamana. Mmoja akauliza digrii thelathini ni wapi. Kipyegon akawaambia wasukume tu. Wakasukuma. Kabati likageuka kidogo, likagota ukuta wa kulia. Wakasukuma zaidi, likagota na ule wa kushoto. Wakahesabu moja, mbili, tatu, wakasukuma kwa nguvu zao zote, na kona mbili za kabati zikazama ndani ya plasta kama kizibo ndani ya chupa. Halikuenda mbele, wala halikurudi nyuma.

Kisha sauti ya Mwalimu Gathii ikatoka upande wa pili wa mbao, ikiuliza kwa upole kama kuna mtu amefikiria yeye atatoka vipi.

Mlango ulikuwa upande huu wa kabati. Upande ule kulikuwa na dirisha, lakini lilikuwa na vyuma vipya, imara kabisa. Bi. Jerono alikuja mbio kutoka ofisini. Mzee Wanjala akampigia saluti.

"Madam," akaripoti kwa lafudhi yake ya Malakisi, "mwarimu ako ndani, kabati riko ndani, na mrango hauna maana."

Kwa kuwa alikuwa na rula mfukoni, na kwa kuwa hakuwa na jambo lingine la kufanya, Mwalimu Gathii aliupima ukuta. Aliupima mara mbili. Akatangaza kupitia dirishani kwamba ukuta ni sentimita mia mbili tisini na nne. Kipyegon akalipima kabati lake. Lilikuwa mia tatu thelathini na nane.

Bi. Jerono alimgeukia fundi na kumwuliza alipimaje. Kipyegon alieleza kwamba alikuwa amepanga kushuka kuja kupima mwenyewe, lakini wiki hiyo mvua ilikuwa kubwa na barabara ya mlimani ikawa utelezi, hata pikipiki zikashindwa. Kwa hiyo Linah alimsomea kipimo kwa simu, mia tatu arobaini, naye akakiandika kwenye ubao na kuacha sentimita mbili za nafasi. Bi. Jerono akauliza kama siku hiyo ilikuwa ikinyesha. Fundi akakubali kwamba ilikuwa ikinyesha, tena kwenye mabati. Bi. Jerono akatikisa kichwa. Alisema kwamba basi fundi alisikia vibaya, na kwamba miti ya wazazi haiwezi kuharibiwa hivi. Alipiga simu ya Linah, ikawa haipatikani. Linah alikuwa Bungoma, kwenye karakana ambako angeagiza milango ya jengo zima. Bi. Jerono akaamuru msumeno usiguse kabati mpaka ijulikane kosa ni la nani. Na kama ni la fundi, aliongeza, kazi ya meza za ukumbi atapewa fundi mwingine.

Phelista alikuwa amesimama nyuma ya wenzake. Aliposikia mia tatu arobaini, masikio yake yalianza kupata moto. Alimtazama Derrick. Derrick alikuwa akitazama mawingu.

Saa nne ilipofika, ikabidi mwalimu apewe chai. Kikombe hakikupita kati ya vyuma. Mzee Wanjala akakilaza ubavu, chai ikamwagika, kikombe bado hakikupita. Hatimaye alipata bilauri nyembamba, na mandazi yakapita yakiwa yamekatwa vipande. Baada ya kushiba, Mwalimu Gathii alisema kwamba haoni sababu ya gredi ya sita kukosa somo la hesabu. Wanafunzi walikaa nyasini, chini ya dirisha, naye akawafundisha akiwa ameshika vyuma kwa mikono miwili. Wapita njia walisimama barabarani. Mama mmoja alisikika akiuliza mwalimu huyo alifanya kosa gani.

Katikati ya somo, Bi. Jerono alimwita kiranja. Alimtuma Phelista ofisini kwa naibu akalete faili ya vipimo, ili karatasi ya stoo ionekane.

Derrick alimfuata hadi kwenye kona ya jengo. Alimpa kifutio. Hakusema mengi, alisema tu kwamba namba zimeandikwa kwa penseli, na kwamba ofisini hakuna mtu. Phelista akakitia kifutio mfukoni, akaenda.

Barazani mbele ya ofisi alimkuta fundi Kipyegon ameketi peke yake, kofia ikiwa magotini. Alitaka kupita kimya kimya, lakini mzee alimwita.

"Mama, una dakika?" alimwuliza. "Simama pale kwenye nguzo ya mwisho. Nitajie namba yoyote, kwa sauti ya chini. Nataka kujua kama haya masikio bado ni yangu."

Phelista hakujua afanyeje. Alikwenda kwenye nguzo, akanong'ona mia mbili kumi na saba. Mzee, aliyekuwa amempa mgongo, akairudia bila kukosea. Akanong'ona mia tano na sita. Akairudia. Akanong'ona namba kumi, moja baada ya nyingine, akitamani sana mzee akosee hata moja tu. Hakukosea.

Kipyegon alivaa kofia yake. "Basi si masikio," alisema. "Ni kichwa. Kichwa kikianza kubadilisha namba, fundi anarudi kulima vitunguu. Nitamwambia Madam atafute mwingine kwa zile meza."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyekubali, na hilo ndilo lililomchoma Phelista. Mzee huyu hakuwa akimlaumu mtu. Alikuwa amejilaumu mwenyewe kwa kosa ambalo hakulifanya, na alikuwa anaelekea kuliamini.

Phelista aliingia ofisini. Faili ilikuwa mezani. Aliifungua, akaikuta karatasi yake, na juu yake ile alama kubwa ya vyema, nyekundu. Alikitoa kifutio. Angekitumia, ingemchukua sekunde kumi. Alikishika juu ya namba, akasikia mzee huko nje akikohoa na kuinuka. Akakirudisha mfukoni, akachukua karatasi, akatoka mbio, na kwa viatu vile mbio zake zilisikika shule nzima.

Alimkuta Bi. Jerono pale dirishani, pamoja na darasa zima. Kipyegon alikuwa amefika, kofia mkononi, tayari kusema neno lake. Phelista akamtangulia.

"Madam, fundi hakukosea," alisema. "Aliambiwa mia tatu arobaini kwa sababu mimi niliandika mia tatu arobaini. Sikuingia stoo. Nilipima nje, kwa kiatu."

Kisha akaeleza yote: madawati, nyigu, mchezo wa kati. Bi. Jerono aliipokea karatasi, akaisoma. Ni Mwalimu Gathii aliyeuliza, uso wake ukiwa katikati ya vyuma viwili.

"Na hii mia tatu thelathini na tisa?"

"Niliitunga, Mwalimu. Niliipunguza moja ili ifanane na ya kweli."

Mwalimu Gathii alifunga macho. "Hiyo moja," alisema polepole, "ndiyo niliyoisifu."

Derrick akasimama. Alisema kwamba yeye alikuwapo, na kwamba alikubali tu. Alifikiri kidogo, kisha akasema kwamba kwa kweli alikubali sana.

Kabla Bi. Jerono hajajibu, mkono mwingine uliinuka nyasini. Ulikuwa wa Levi. Kundi lake lilikuwa limepewa milango yote ya jengo. Levi alisema kwamba walipima mlango mmoja, wakaona milango yote inafanana kama ndugu, wakaandika sentimita tisini kila mahali. Nyuma yake msichana mmoja alianza kulia, akasema kwamba urefu wa ukumbi, wao waliukisia kwa macho, lakini walikisia wakiwa wameketi vizuri. Mwalimu Gathii aliachia vyuma, akapotea kutoka dirishani. Walimsikia akiketi sakafuni.

Bi. Jerono hakucheka. Alikumbuka kwamba huko Bungoma milango ilikuwa inaagizwa siku hiyo hiyo. Alimtuma Mzee Wanjala na tepu akapime mlango wa chumba cha kompyuta. Mzee akarudi na sentimita sabini na mbili. Wote wakamtazama Jelimo wa gredi ya nne, aliyekuwa amekuja kutazama kabati kama watu wengine, akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu. Kiti kile kilihitaji mlango wa tisini. Linah angeona kwenye karatasi kwamba milango inatosha, asingeipanua, na Jelimo angekuwa anasikiliza somo la kompyuta kutoka nje.

"Mimi huwa sisemi sana," Jelimo alisema, "lakini hapo ningesema."

Bi. Jerono alipiga simu ya Linah mara sita. Ya saba ilipokelewa. Linah alisema kwamba alikuwa ameshika kalamu tayari kuagiza milango, akaiweka chini.

Ndipo Kipyegon akamwomba Phelista kiatu. Phelista alikivua, na karatasi za gazeti zikadondoka. Mzee alikipima kwa tepu, akakigeuzageuza, kisha akaenda kupima unene wa ukuta pale dirishani. Sentimita ishirini na tatu. Alirudi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo meno yake yalionekana.

"Ishirini na tatu huku, ishirini na tatu kule," alisema. "Arobaini na sita. Mia mbili tisini na nne, ongeza arobaini na sita, ni mia tatu arobaini. Kiatu hakikukosea hata kidogo. Kilipima nje, nje ikajibu." Akamrudishia. "Basi kichwa changu ni kizima."

Bi. Jerono alimgeukia mbele ya wanafunzi wote, akamwomba radhi. Alisema kwamba alimtuhumu bila kupima, na kwamba hilo nalo ni kosa. Kipyegon alisema yameisha, ila akaomba ruhusa ya msumeno, kwa sababu kuna mtu ndani.

Walilikata kabati pale pale lilipokwama, sentimita arobaini na sita kutoka mwisho, wakifuata mstari ambao Mwalimu Gathii aliuchora mwenyewe kwa upande wake, baada ya kuupima mara nne. Unga wa mbao ulimmwagikia. Alipotoka saa nane mchana alikuwa mweupe kichwa hadi kiuno, kama mtu aliyeshinda kwenye mashine ya kusaga mahindi. Kwanza alinyoosha miguu. Kisha akamwita Phelista na kumwambia kwamba ile alama ya vyema ameifuta.

Sherehe ikasogezwa mbele kwa wiki moja. Katika siku hizo gredi ya sita haikucheza kati. Kila jioni walipima jengo upya, kwa tepu, kwa ndani, mara mbili, Linah akiwa amesimama nyuma yao. Phelista na Derrick walipewa pia kazi ya kulipiga kabati msasa pale lilipokwanguka, na kile kipande kilichokatwa pia. Derrick alisema kwamba hajawahi kuona ubao mrefu hivyo. Edinah aliposikia habari yote kutoka kwa binti yake, alimwambia aende na maziwa kwa mzee, na asirudi na chupa kabla hajamwomba msamaha ana kwa ana.

Phelista alikwenda. Kipyegon alikuwa pale shuleni akipiga randa kile kipande kilichokatwa, ambacho sasa kilikuwa kabati dogo, fupi, la vitabu vya picha. Alipokea maziwa, akayanywa yote, akafuta midomo. Phelista akamwomba msamaha.

"Nimekusamehe siku ile ile," mzee alisema. "Na mimi nina sehemu yangu. Wewe ulipima kwa kiatu, mimi nikapima kwa sikio. Wote tulikuwa tunakwepa kitu: wewe nyigu, mimi utelezi. Lakini nikwambie jambo ambalo wazee walinifunza mlimani. Kazi ya mkato haimwangukii aliyeifanya. Inakwenda mbele, inamngoja mtu asiyejua lolote, inamwangukia huyo. Yako iliniangukia mimi, na mwalimu wako, na bado kidogo imwangukie yule mtoto wa kiti. Kwa hiyo ukimaliza kazi, usijiulize kama imekwisha. Jiulize ni nani ataiegemea. Na siku ukikosea, kwa sababu utakosea, sema mapema kama ulivyosema, wakati bado msumeno unaweza kusaidia."

Ijumaa iliyofuata wazazi walijaa uwanjani. Bi. Jerono alikata utepe, akamwalika Mwalimu Gathii awe wa kwanza kuingia. Mwalimu Gathii alishukuru, akasema kwamba yeye amekwisha kukaa humo vya kutosha, na kwamba wadogo watangulie. Watoto wa gredi ya kwanza wakaingia kwa kishindo. Waligusa kila kitu. Walijaribu kila kiti. Kisha kasichana kamoja kalitoa kitabu cha picha, kakaketi sakafuni, kakaegemeza mgongo kwenye kabati kubwa kwa uzito wake wote, kakaanza kusoma kwa sauti.

Phelista alikuwa mlangoni, akitazama. Kabati halikutikisika.